FOLENI NNE HEWANI: NANI ATANGULIE?

Mpenzi msomaji, hebu fikiria uko kwenye foleni ya zahanati. Wewe una mafua tu. Mara analetwa mgonjwa mahututi na muuguzi anampitisha mbele. Je, utanung'unika? La hasha! Mwenye utu husogea kando. Basi hata ndani ya simu na tarakilishi zetu mna muuguzi kama huyo. Jina lake ni draiva, yaani programu inayoongoza kadi ya mtandao usiotumia waya, huu tunaouita Wi-Fi.

Kila ujumbe unaotumwa hukatwakatwa kuwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti. Shida ni kwamba hewa ni moja. Vyombo viwili vikisema kwa pamoja, pakiti zao hugongana na kulazimika kutumwa upya. Sasa, pakiti ya simu haiwezi kungoja. Kwa kawaida hutumwa moja kila milisekunde 20, na ikichelewa mno hutupwa, ndipo unamsikia mama akisema "ha...lo...we...". Lakini filamu unayoipakua ikichelewa nusu sekunde, nani atajua?

Kwa sababu hiyo, mwaka wa 2005 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipitisha kanuni ya 802.11e, iliyoweka foleni nne: ya sauti, ya video, ya kawaida, na ya nyuma, ambayo ni ya kazi zisizo na haraka.

Draiva hujuaje pakiti iingie foleni gani? Husoma alama iliyo kichwani mwa pakiti, nambari kati ya 0 na 63. Njia ya zamani ni hesabu ya shule ya msingi: gawanya alama kwa 8, baki litupe. Ukipata 6 au 7, ni sauti. 4 au 5 ni video. 0 au 3 ni kawaida. 1 au 2 ni nyuma. Usishangae kwamba 0 inaitangulia 1. Pakiti nyingi hazina alama yoyote, yaani ni 0, na si haki kuziadhibu kwa hilo.

Baada ya hapo huja kungoja. Katika masafa ya gigahezi 5, hewa ikinyamaza, foleni ya sauti kwenye simu yako hungoja mikrosekunde 34, ya kawaida 43, na ya nyuma 79. Kisha kila moja huokota nambari kama bahati nasibu: sauti kati ya 0 na 3, kawaida na nyuma kati ya 0 na 15. Kila nambari ni mikrosekunde 9 za kungoja zaidi. Amalizaye kwanza ndiye husema. Kwa hivyo sauti haikuahidiwa ushindi; imepewa tu nafasi nzuri zaidi.

Lakini tahadhari! Alama inayotumiwa sana kwa simu ni 46. Ukigawanya kwa 8 unapata 5. Lo! Sauti imeingia foleni ya video! Kosa hili lilikaa kwa miaka mingi, na simu zikapangwa pamoja na sinema bila mtu kukusudia. Mwaka wa 2018 waraka RFC 8325 ulishauri 46 ipewe 6, ili sauti irudi kwao.

Pengine utasema, "Basi mimi nitaweka kila kitu 46 niwe wa kwanza!" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Foleni ya sauti ina nambari nne tu za kuokota. Wote wakijazana humo, wengi wataokota nambari moja, pakiti zitagongana, na hata simu ya kweli itakatikakatika. Zahanati ambamo kila mtu ajidai mahututi haimtibu yeyote. Hakika, wapishi wengi huharibu mchuzi.

Kumbe mashine nazo zahitaji adabu. Foleni hufaa watu wakisema ukweli.

ZOEZI: Kwa njia ya zamani, alama 8, 34 na 48 zitaingia foleni gani?

MAJIBU: Nyuma, video, sauti. Ukipata yote, hongera!