MGONJWA WENU ANAPOINGIA KWENYE MAJARIBIO YA TIBA YA SARATANI YA UBONGO

Leo tunagusa jambo zito ambalo familia nyingi hulikabili kimya kimya. Ndugu yako ana saratani ya ubongo, na daktari amesema kuna dawa mpya ambayo bado iko kwenye majaribio. Je, akubali? Na wewe mke, mume, mtoto au ndugu, kazi yako ni ipi?

Wengi wetu tukisikia neno "majaribio" tunashtuka. "Wanataka kumfanya panya wa maabara!" Hofu hiyo si ya bure. Hapa Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa na watafiti huko Tuskegee, Alabama, bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Aibu ile ilichangia kuletwa kwa sheria ya mwaka 1974 ya kuwalinda watu kwenye utafiti. Leo jaribio la dawa hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, na mgonjwa huelezwa faida na hatari zake na kutia saini kabla ya kuanza.

Kwa hiyo ulinzi upo. Lakini ulinzi huo unategemea jambo moja: mgonjwa aelewe anachokubali. Hapo ndipo familia inaweza kumsaidia sana, au kumharibia.

1. MGONJWA AJUE UGONJWA WAKE

Kwetu kuna desturi ya kumficha mgonjwa. Mama anaambiwa "ni kauvimbe kadogo tu", huku watoto wote wanajua ni saratani. Tunafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mtu asiyejua ugonjwa wake hawezi kutoa ridhaa ya kweli, na akitia saini gizani, mnakuwa mmemnyang'anya haki ambayo sheria imempa.

Tena saratani ya ubongo haisubiri. Inaweza kugusa kumbukumbu, usemi na uamuzi wa mtu. Hutokea pia mgonjwa akapoteza Kiingereza alichojifunza ukubwani, akabaki na lugha ya utotoni. Zungumzeni naye mapema, wakati bado anaweza kusema analotaka. Wakati huo huo aandike hati ya kumteua mtu mmoja wa kumsemea kuhusu afya yake siku akishindwa. Bila hati hiyo, sheria ya jimbo ndiyo inayopanga nani aulizwe, na huenda isimtambue kaka mkubwa ambaye ukoo wote unamsikiliza.

2. ELEWENI NI JARIBIO LA HATUA GANI

Majaribio huenda kwa hatua. Hatua ya 1 hutumia watu wachache kutafuta kipimo cha dawa kisicholeta madhara makubwa. Hatua ya 2 huangalia kama dawa inaonyesha dalili za kufanya kazi. Hatua ya 3 huilinganisha na tiba ya kawaida kwa wagonjwa wengi. Anayeingia hatua ya 1 asiambiwe na mtu kwamba "amepata dawa ya kumponya". Dawa hiyo inaweza kumsaidia, lakini lengo kubwa la hatua hiyo ni usalama.

Tuchukue mfano wa glioblastoma, ambayo ni saratani kali ya ubongo inayowapata zaidi watu wazima. Tiba yake ya kawaida ni upasuaji, kisha mionzi ya wiki 6 pamoja na vidonge vya temozolomidi. Tiba hiyo ilitokana na jaribio. Wagonjwa 573 walishiriki, na matokeo yakatoka mwaka 2005. Nusu ya waliopata mionzi peke yake waliishi zaidi ya miezi 12.1, na nusu ya walioongezewa vidonge waliishi zaidi ya miezi 14.6. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 10.4 katika kundi la kwanza na asilimia 26.5 katika kundi la pili. Si uponyaji, lakini ni hatua, na ilipatikana kwa sababu wagonjwa walijitolea.

Mengine hushindwa. Chanjo iitwayo rindopepimut ilileta matumaini makubwa kwenye majaribio madogo, lakini jaribio lake la hatua ya 3 lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kuonekana kwamba hairefushi maisha. Mgonjwa ajue pande zote mbili.

3. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA SAINI

Ombeni nakala ya fomu ya ridhaa muende nayo nyumbani. Andikeni maswali haya:

- Hii ni hatua ya ngapi, na dawa hii imeshatumiwa na watu wangapi?
- Asipoingia, atapata tiba gani?
- Makundi yanapangwa kwa bahati nasibu? Kuna kundi litakalopewa dawa bandia?
- Ni safari ngapi za hospitali, na vipimo gani vya ziada?
- Akiingia hili, atakosa nafasi ya kuingia jingine baadaye?
- Akipata madhara usiku, tumpigie nani?

Kuhusu dawa bandia, wengi huogopa kwamba mgonjwa ataachwa bila tiba. Angalieni majaribio mawili makubwa ya dawa ya bevasizumabu, ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2014. Baadhi ya wagonjwa walipewa dawa bandia, lakini wote walipata mionzi na temozolomidi kama kawaida. Hata hivyo msikisie. Ulizeni kuhusu jaribio lenu.

Na ulizeni mapema. Majaribio mengine huchukua tu wagonjwa ambao hawajaanza mionzi.

4. MKALIMANI NI HAKI YENU

Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Msimpe mtoto wa darasa la saba kazi ya kumtafsiria baba yake habari za saratani. Ni mzigo mkubwa kwake, na hata mtu mzima wa familia hulainisha maneno bila kutaka. Daktari anasema "haiponi", sisi tunatafsiri "itachukua muda".

Semeni pia ni Kiswahili gani. Aliyekulia Bukavu anaweza asimwelewe vizuri mkalimani wa Mombasa. Kama Kinyarwanda au Kibembe ndicho anachokielewa zaidi, ombeni hicho.

5. UWE KUMBUKUMBU YAKE

Hii ndiyo kazi kubwa ya ndugu. Nunua daftari. Kila siku andika dawa alizokunywa na saa, alivyolala, alivyokula, kichwa kinavyouma, kama maneno yanampotea au mkono mmoja umelegea. Mgonjwa akiulizwa hospitali atasema "sijambo", kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Daftari halina haya. Kwenye majaribio hilo ni muhimu zaidi, maana madhara ya dawa mpya hujulikana kwa kuripotiwa.

Mambo manne ya kuangalia nyumbani:

KIFAFA. Akianguka na kutetemeka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimshike kwa nguvu. Piga 911 kama ni mara ya kwanza, kama inapita dakika 5, au kama inarudia kabla hajazinduka.

DEKSAMETHAZONI. Dawa hii hupunguza uvimbe wa ubongo. Inaweza kumkosesha usingizi, kumwongezea njaa, kumpandisha sukari na kumfanya mkali. Akikufokea, kumbuka huenda ni dawa. Asiiache ghafla bila daktari, ni hatari.

DAWA ZA MITISHAMBA. Mlonge, habasoda, mwarobaini na vitu anavyoletewa na wageni vitajwe vyote kwa nesi wa utafiti. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali. Kama anataka kufunga Ramadhani au Kwaresima, aulize kwanza.

PICHA ZA MRI. Katika miezi ya mwanzo baada ya mionzi, picha inaweza kuonyesha kama uvimbe umekua kumbe ni athari ya mionzi yenyewe. Msitangaze msiba kwa picha moja. Subirini madaktari waseme.

6. FEDHA, KAZI NA WAGENI

Tangu mwaka 2014 bima nyingi za binafsi hapa Marekani zinatakiwa kulipia matibabu ya kawaida ya aliye kwenye jaribio, na tangu Januari 2022 Medicaid pia. Nauli na malazi huwa suala jingine, ulizeni. Kituo cha utafiti cha NIH kilichoko Bethesda, Maryland, hakiwatozi washiriki matibabu ya utafiti wao. Mkikutana na kliniki inayodai maelfu ya dola ili muingie kwenye "majaribio", simameni kwanza na mumuulize daktari wa saratani. Jaribio kuonekana kwenye orodha ya ClinicalTrials.gov hakuna maana kwamba serikali imelithibitisha.

Kuhusu kazi, sheria ya FMLA hutoa hadi wiki 12 za likizo bila mshahara kumuuguza mwenzi, mzazi au mtoto, kama kampuni ina wafanyakazi 50 au zaidi na umefanya kazi hapo mwaka mmoja na saa 1,250. Shangazi na kaka hawamo. Lakini kama shangazi ndiye aliyekulea utotoni mahali pa mzazi, sheria inamhesabu kama mzazi. Wengi hawalijui hilo na hupoteza kazi bure. Walioko Uingereza, Kanada na Ghuba, sheria zenu ni nyingine, lakini maswali ya kuuliza hospitali ni yale yale.

Wageni ni baraka, lakini kinga ya mgonjwa inaweza kuwa chini. Mwenye mafua apige simu. Teueni mtu mmoja wa kutoa habari kwa jamaa wa nyumbani, na picha ya mgonjwa isirushwe kwenye kikundi cha WhatsApp bila ruhusa yake. Anayetaka kusaidia apike, awapeleke watoto shule, au akae na mgonjwa ili wewe ulale.

7. AKISEMA "BASI"

Mgonjwa ana haki ya kutoka kwenye jaribio wakati wowote, bila kutoa sababu na bila kunyimwa tiba nyingine. Azungumze tu na daktari ili dawa isimamishwe kwa usalama. Siku akisema amechoka, msimwambie anakata tamaa au anawaangusha. Na msisubiri siku hiyo ndipo muombe tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumfariji mgonjwa. Mara nyingi inaweza kutolewa tangu mwanzo, sambamba na tiba nyingine. Ulizeni tu kama jaribio lenu lina masharti.

Ndugu msomaji, dawa ni ya madaktari, lakini uamuzi ni wa mgonjwa. Wewe kaa upande wake, na hakikisha ameelewa, amesikilizwa, na hayuko peke yake.

Makala hii ni ya kuelimisha tu na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wenu. Tunawatakia subira, na wagonjwa wote tunawaombea nafuu.