Gari Halichaji: Tuanze Wapi?

Mtu apitaye kwenye gereji za Jabe, Bwiza au Buyenzi hachelewi kusikia hukumu hii: "Bateri imekufa." Mwenye gari hutafuta fedha akanunua nyingine. Baada ya wiki mbili hiyo nayo imekufa. Somo langu laonyesha kwamba mara nyingi bateri haikufa kwa ugonjwa, bali kwa njaa, na kwamba mwenye kipima-volti kidogo na nusu saa ya subira aweza kumjua aliyeinyima chakula. Niliyoyaandika nimeyapata mahali pawili: katika masomo ya umeme darasani, na katika likizo zangu kwa mjomba, fundi wa umeme wa magari hapa Jabe.

Kwanza tujue kazi ya kila kitu. Bateri ni ghala tu. Kazi yake kubwa ni kuzungusha stata mpaka injini iwake. Injini ikisha kuwaka, mwenye kulisha gari zima, na kuirudishia bateri kile ilichotoa, ni altaneta. Wazee wengi bado huiita dinamo, na si ajabu, maana magari ya ujana wao yalikuwa na dinamo kweli. Kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka altaneta katika gari lake la Valiant la mwaka 1960, na wengine wakafuata, kwa sababu dinamo ilitoa umeme kidogo mno injini ikienda polepole.

Ndani ya altaneta mna sumaku ya umeme izungukayo. Hupata moto kidogo kutoka kwenye bateri kupitia makaa mawili yanayogusa pete mbili za shaba. Sumaku hiyo ikizunguka kati ya nyaya zilizoviringwa, umeme huzaliwa katika nyaya hizo, kama Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Lakini umeme huo huenda mbele na kurudi nyuma, na bateri haiwezi kuula. Hapo ndipo diodi hufanya kazi. Diodi ni mlango ufunguliwao upande mmoja tu. Mwisho yupo rejuleta, ambaye huongeza au hupunguza moto wa sumaku ili volti zisizidi wala zisipungue.

Sasa tupime. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika saa kadhaa, weka kipimo juu ya vichwa viwili vya bateri. Bateri ya volti 12 iliyoshiba huonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12 ni tupu kabisa. Kisha washa injini, washa na taa kubwa, upime tena palepale. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, bateri inalishwa. Ukiona 12 na kitu, na namba inashuka polepole, hailishwi. Ukiona zaidi ya 15, rejuleta ameacha mlango wazi: maji ya bateri yatachemka na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Nimesema washa taa kubwa kwa makusudi, kwa kuwa katika magari kadhaa ya miaka ya karibuni kompyuta huipumzisha altaneta pasipo na mzigo, na fundi mwenye haraka huihukumu bure.

Kama hailishwi, usikimbilie kufungua altaneta. Tazama mkanda kwanza. Ukiwa umelegea, au uso wake unang'aa kama kioo, huteleza, na mara nyingi hulia taa zikiwashwa. Halafu tazama taa nyekundu ya bateri mbele ya dereva. Ukifungua kontakti kabla ya kuwasha injini, sharti iwake; injini ikiwaka, izime. Watu huogopa taa hiyo isipozimika, na ni sawa. Lakini isipowaka kabisa mwanzoni ni dalili pia, na hapo wengi hupita. Katika magari mengi ya zamani moto wa kuamsha sumaku hupitia katika balbu hiyo hiyo. Balbu ikiungua, altaneta nzima husinzia ingawa haina ubaya wowote. Tazama pia fyuzi na plagi iliyo nyuma ya altaneta.

Nitakaa kidogo kwenye nyaya, kwa maana ndizo zinazowaponza watu. Ililetwa teksi moja hapa mtaani, Toyota yenye usukani wa kulia kama nyingi zitokazo Japani. Dereva alikuwa amenunua bateri mbili katika miezi mitatu. Asubuhi gari mara linawaka, mara linasukumwa. Alikuwa amekwisha ambiwa anunue altaneta, na fedha hizo zilikuwa ni karo ya watoto wake.

"Mjomba," nikauliza, "tuishushe?"

"Ngoja. Altaneta ikishushwa, na bili imekwisha andikwa. Pima kwanza."

Injini ikiwa inakwenda na taa zimewashwa, altaneta yenyewe ilionyesha 14.3, lakini vichwa vya bateri vilionyesha 13.1. Basi volti 1.2 zilikuwa zimepotea njiani. Njia ni mbili tu. Tukaweka ncha moja ya kipimo kwenye waya mnene wa altaneta na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha bateri: 0.1, hakuna neno. Tukaweka ncha moja kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye kichwa cha hasi: 1.1. Ubaya ukawa umejionyesha. Waya wa hasi uendao kwenye injini ulikuwa umeoza ndani ya mpira wake, na bolti yake ilikuwa ya moto mkononi. Na kwa kuwa moto wa stata hurudi kwa waya huohuo, ndiyo maana gari lilisumbua kuwaka hata bateri ikiwa mpya. Waya ukabadilishwa, mahali pa bolti pakasuguliwa kwa msasa mpaka chuma kikaonekana. Kipimo kikasema 14.2 kwenye bateri. Altaneta haikuguswa.

Lipo jambo moja ambalo nalisema kwa ukali kidogo, nisamehewe na wakubwa zangu. Mafundi wengine wa barabarani hujaribu altaneta kwa kung'oa tamino ya bateri injini ikiwa inakwenda. "Ikizimika, altaneta mbovu, isipozimika, nzima." Tabia hii haifai. Ghala likiondolewa ghafula, umeme uliokuwa ukienda huko hukosa pa kwenda, na volti hupanda mara moja kwa kiasi kinachoweza kuua diodi, rejuleta na hata kompyuta ya gari. Yaani huja na ugonjwa mmoja, huondoka na mitatu. Fundi akishika tamino injini ikinguruma, mzuie kwa adabu, lakini mzuie.

Ikiwa mkanda, balbu na nyaya zote ni nzima, ndipo altaneta ishushwe. Ondoa kwanza waya wa hasi wa bateri, kwa sababu waya mnene wa altaneta huwa na moto siku zote. Ukiifungua, tazama makaa. Katika altaneta nyingi za Toyota makaa mapya hutokeza karibu sentimita 1. Yakiwa yamebaki kisiki, hayagusi pete vizuri, na hii ndiyo sababu ya kawaida kwa gari lililotembea sana. Makaa ni kipuri kidogo tu, na hufungwa kwa mkono wenye subira. Pete za shaba zisafishwe kwa msasa laini. Diodi hupimwa moja moja: zipitishe moto upande mmoja, zikatae upande wa pili. Ipitishayo pande zote mbili imekufa, na hiyo ndiyo inywayo bateri usiku gari likiwa limelala.

Mtu aweza kusema, mbona kelele nyingi kwa ajili ya volti mbili? Tupige hesabu. Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110, yaani karibu ampea 9. Ongeza pampu ya mafuta, cheche za plagi na feni, utafika ampea 20. Bateri ya ampea-saa 45 iliyoshiba italisha hayo kwa saa mbili na kidogo. Iliyobaki nusu, saa moja. Dereva aondokaye Bujumbura jioni kupanda Bugarama kwa bateri ya namna hiyo atazimikiwa na taa katika kona za mlimani, nyuma yake lori.

Na wakati mafuta yalipokuwa adimu mjini, kama mwaka 2024, ubaya huu ulizidi. Gari husimama katika foleni siku nzima, huwashwa ili lisogee hatua kumi, huzimwa. Kila kuwasha huchota kwenye ghala, na dakika mbili za kusogea hazirudishi kilichochotwa. Bateri ikikaa tupu hivyo siku nyingi, sahani zake za risasi hushika chumvi ngumu, na hapo hufa kweli. Katika foleni ni afadhali gari lisukumwe, na redio ikae kimya.