Muundi Uliovunjika: Kutoka Kiwanjani Hadi Mkarafuuni

Mchumaji karafuu wa Wete au Mkoani aupandaye mti upitao mita 10 huijua khofu ya tawi likatikalo. Aangukaye huweza kuvunjika muundi, yaani mfupa mkubwa ulio chini ya goti, na suali la jamaa zake huwa moja: je, atapanda tena?

Suali hilo liliulizwa pia huko Marekani. Tarehe 1 Agosti 2014, mjini Las Vegas, Paul George, mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu wa timu ya Indiana Pacers, aliruka kumzuia mwenziwe katika mchezo wa majaribio wa timu ya taifa. Aliposhuka, mguu wake wa kulia uligonga kitako cha nguzo ya goli. Mifupa yote miwili ya mguu ikavunjika na kutokeza nje ya ngozi. Alipasuliwa usiku ule ule, akatiwa ufito wa madini ndani ya mfupa.

Ufito huo hauungi mfupa, huushika tu. Mwili ndio uungao. Kwanza damu huganda palipovunjika. Katika majuma yafuatayo hufanyika gegedu laini, kisha chokaa ya mwili huligeuza kuwa mfupa mbichi, mnene na usio na umbo. Kuuchonga mfupa huo upya huchukua miezi mingi, hata miaka. Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Usiobeba kitu hudhoofika.

Mhazigi wa kijijini, afungaye banzi, huifanya kazi ya ufito ule, na akili yake si ya kudharauliwa. Lakini banzi lililokazwa mno huzuia damu, na wayo huweza kuoza. Na mfupa uliotoboa ngozi si wa banzi peke yake: vijidudu huingia ndani, na mgonjwa ahitaji hospitali saa zile zile, jeraha lioshwe na dawa za kuua vijidudu zianze.

George alirudi kiwanjani tarehe 5 Aprili 2015, baada ya miezi minane, akapata pointi 13 dhidi ya Miami Heat. Februari 2016 alipata 41 katika mchezo wa nyota wa ligi. Miezi ile minane haikuwa ya kulala. Misuli iliyosinyaa ilibidi ifunzwe upya, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo.

Mchumaji hana mkufunzi wala mshahara wa kumngojea, na hapo ndipo penye hatari: maumivu huisha kabla ya mfupa kukomaa. Daktari akisharidhika na picha ya eksirei, mchumaji aweza kuanza kwa kuchambua karafuu akiwa ameketi, kisha kubeba pakacha jepesi, kisha matawi ya chini yafikiwayo kutoka ardhini. Kilele huachwa hadi msimu unaofuata.