Kompyuta ya dukani inaganda: tazama kabla ya kufunga

*Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Busitema. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Kompyuta ni ya mezani, Windows 10, RAM ya GB 4. Muhula ukikaribia kwisha inaganda kila mara. Kijana mmoja alinionyesha Task Manager, nikawa nafunga kila jina nisilolijua. Juzi kompyuta ilizimika ghafla na ripoti ya mteja ikapotea. Fundi anasema ninunue nyingine. Nimsikilize? – Mama Kopi, Busitema*

Mama Kopi, pole sana, na umpe pole mwenye ripoti. Fundi asubiri kwanza, kwa sababu sioni bado kwamba mashine imechoka.

Kila programu unayoifungua huendeshwa kama mchakato mmoja au zaidi, na Windows ina michakato yake mingi ambayo hukuifungua wewe. Nadhani ndiyo uliyoigusa juzi. Siku nyingine ukiulizwa kama kweli unataka kufunga mchakato wa mfumo, kataa. Ukikubali, kompyuta nzima huanguka nao.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kikitokea kidirisha kidogo, bofya "More details". Kabla ya kugusa jina lolote, soma asilimia zilizo juu ya safu za CPU, Memory na Disk. Kwa GB 4, sitashangaa ukikuta Memory imepita 90 na Disk imefika 100. Hayo mawili huandamana: RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka iko nyuma sana ya RAM kwa kasi. Bofya neno "Memory" ili wanaokula zaidi wapande juu. Mara nyingi utamkuta Chrome, kwa sababu kurasa unazofungulia wateja, WhatsApp ya huyu na barua pepe ya yule, huwa na michakato yake. Ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc uone ukurasa upi unakula zaidi, kisha ufunge huo peke yake. Mteja akiondoka, WhatsApp yake nayo itoke. Ni usalama wake pia.

Sasa yale maneno "Not responding", ambayo huwatia watu haraka. Hayana maana kwamba programu imekufa. Wanafunzi wa uhandisi huleta ripoti zenye michoro na picha nzito, na Word inapohifadhi faili kama hiyo inaweza kunyamaza kwa muda. Tazama tarakimu za Word kwenye safu za CPU na Disk. Zikiwa zinabadilika, inafanya kazi, iache. Zikikaa sifuri dakika kadhaa, hapo ndipo "End task" inafaa. Na upunguze hasara mapema: Word huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, nawe unaweza kuzishusha hadi 2 katika mipangilio ya "Save". Faili ya mteja inakili kwanza kwenye kompyuta, usiifungulie kwenye flashi ambayo mwenyewe anaweza kuichomoa wakati wowote.

Kwa duka la kuchapa, tatizo linaloumiza zaidi ni foleni ya printa. Kazi moja ikiharibika, zote zilizo nyuma yake hukwama, kama malori ya Malaba lile la mbele likizimika barabarani. Watu huzima printa na kuiwasha, lakini kazi mbovu imehifadhiwa ndani ya kompyuta, kwa hiyo inarudi tena. Katika Task Manager nenda kwenye "Services", tafuta "Spooler", bofya kulia, chagua "Stop". Kisha fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute vilivyomo, si folda yenyewe. Rudi kwenye Spooler, chagua "Start". Kazi zote zilizokuwa zikisubiri zitakuwa zimefutika, kwa hiyo waambie wateja unaanza upya.

Halafu flashi. Ukiona folda za mteja zimegeuka njia za mkato, fungua "Details" katika Task Manager utafute wscript.exe. Ikiwa inakimbia na hukuiwasha wewe, shuku vairasi. Ifunge kwanza, la sivyo itaiandikia flashi upya kila unapoisafisha. Kagua kompyuta na flashi kwa Windows Security. Mteja asilie: kwa kawaida faili zake zimefichwa tu. Ikiwa flashi ni E, fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nazo zitaonekana. Flashi isifomatiwe kabla ya hapo, tafadhali.

Katika "Startup" ya Task Manager, zima programu zinazojiwasha asubuhi bila kazi dukani. Antivairasi iache.

Ukishafanya haya na Memory bado inapita 90 ukiwa na Word na kurasa mbili za Chrome tu, mwambie fundi aongeze RAM ifike GB 8 na aondoe diski ya kuzunguka aweke SSD. Kompyuta nyingi za mezani hukubali vyote viwili, kwa gharama ndogo kuliko mashine mpya. Lakini kuna hoja moja anayoweza kukuletea kwa haki: Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayopokea flashi za watu mchana kutwa haifai kukaa bila masasisho ya usalama. Kabla hujatoa shilingi hata moja, mtake akuambie kama mashine hiyo inaweza kupokea Windows 11. Akisema haiwezi, akuonyeshe sababu kwenye skrini.