Majibu ya Kipimo ni Yako, Si ya Mwajiri

Anayetafuta kazi Kenya anaujua utaratibu huu. Umefaulu mahojiano, umepongezwa, kisha unapewa karatasi uende kliniki fulani ukapimwe afya. Muuguzi anatoa damu bila kukueleza inapimwa nini. Majibu hayapiti mikononi mwako. Yanapelekwa moja kwa moja ofisini. Wiki inapita, ya pili inapita, simu hailii. Ukifuatilia, unaambiwa nafasi imeshajazwa.

Ikiwa damu hiyo ilipimwa VVU, sheria ilivunjwa mara mbili hata kabla hujanyimwa kazi: ulipopimwa bila ridhaa, na majibu yako yalipopewa mtu mwingine.

Sheria yenyewe ni ile ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na UKIMWI ya mwaka 2006. Kifungu cha 13 kinakataza kumlazimisha mtu kupimwa VVU ili aajiriwe, aoe au aolewe, asajiliwe shuleni, asafiri, atibiwe au apewe bima. Viongozi wa dini wanaodai cheti cha kipimo kabla ya kufungisha ndoa wajue jambo hili. Wanaweza kuwashauri wachumba wapimwe, na ushauri huo ni mzuri, lakini hawawezi kuufanya sharti. Sheria imeacha nafasi chache sana za kupima bila ridhaa, kama vile mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la kingono, au mgonjwa aliyepoteza fahamu ambaye daktari anaona kipimo kinahitajika kwa matibabu yake.

Na ridhaa si saini tu. Sheria inataka itolewe bila nguvu, bila hila wala vitisho, na mtu awe anaelewa kipimo hicho kinaweza kuleta nini katika afya yake na katika maisha yake na watu. Ndiyo maana ushauri nasaha lazima utolewe kabla ya kupimwa na baada ya majibu. Fomu uliyosukumiwa dirishani huku foleni ikikusubiri nyuma yako haifikii kiwango hicho, hata kama jina lako limo.

Majibu nayo yana ulinzi wake. Kifungu cha 22 kinakataza kumwambia mtu mwingine bila ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kwa mfano kwa wahudumu wanaokutibu au mahakama inapoyahitaji. Mkuu wako wa kazi hayumo katika orodha hiyo. Mama mkwe hayumo. Muuguzi anayenong'ona sokoni kwamba fulani anameza dawa anatenda kosa linaloadhibiwa.

Mwaka 2013 Mahakama ya Viwanda, ambayo leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliamua kesi ya mwanamke aliyekuwa akifanya kazi katika chuo kikuu kimoja. Alipimwa VVU bila ridhaa yake, na mahakama ikakubali kwamba hali yake ya VVU ndiyo iliyomnyima ajira ya kudumu. Iliagiza alipwe fidia ya karibu shilingi milioni 7. Katika kumbukumbu za mahakama anajulikana kwa herufi tatu tu, VMK.

Herufi hizo zina uzito kuliko zile fedha, kwa maoni yangu. Wengi wanaodhulumiwa hunyamaza kwa sababu moja: nikishtaki, mtaa mzima utajua. Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau. Lakini jina lako si lazima liandikwe kwenye hukumu. Omba mapema, tangu siku ya kuwasilisha malalamiko, kwamba utambuliwe kwa herufi za mwanzo za majina yako.

Pa kupeleka malalamiko papo. Sheria hiyohiyo ya 2006 iliunda jopo maalumu la kusikiliza kesi za HIV na UKIMWI, linaloongozwa na wakili mzoefu na kuwashirikisha madaktari. Halihukumu jinai, lakini linaweza kuagiza ulipwe fidia ya hasara uliyopata, ya kuvunjiwa heshima na ya mateso ya moyo. Linaweza pia kumwamuru mlalamikiwa aache ubaguzi na aripoti anavyotekeleza. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Ubaguzi wenyewe hauishii kazini. Mwenye nyumba hawezi kukunyima chumba kwa sababu ya VVU. Shule haiwezi kumkataa wala kumtenga mtoto. Hospitali haiwezi kukutoza zaidi. Tena sheria inamlinda hata anayedhaniwa tu kuwa na virusi. Huhitaji kuthibitisha kwamba unavyo au huna ili usikilizwe.

Serikali nayo imebanwa. Februari 2015 Rais aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wanaoishi na VVU pamoja na wazazi au walezi wao. Desemba 2016 Mahakama Kuu, katika hukumu ya Jaji Isaac Lenaola, iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, inayolinda faragha katika Ibara ya 31. Mzazi akiulizwa na mwalimu mkuu hali ya mtoto kwa ajili ya orodha ya aina hiyo, ana haki ya kukataa.

Nimesikia watu wakisema kwamba kifungu cha 24, kilichomtaka anayeishi na VVU awaambie wote anaokutana nao kimwili, kilifutwa, kwa hiyo hakuna tena wajibu wowote. Sehemu ya kwanza ni kweli: Machi 2015 Mahakama Kuu ilikitangaza batili, kwa kuwa hakikueleweka na kiliingilia faragha. Sehemu ya pili ni hatari kuiamini. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Kingono bado kinamwadhibu anayejua ana virusi kisha akamwambukiza mwenzake kwa makusudi, na kifungo chake hakipungui miaka 15.

Ikiwa umeachishwa au kunyimwa kazi, tunza barua, ujumbe wa simu, risiti ya kliniki na tarehe. Andika majina ya waliokuwepo ungali unakumbuka. Shirika la KELIN limeshughulikia kesi za aina hii kwa miaka mingi. Unaweza kuanzia huko. Ukienda kwenye mahakama ya kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Usichelewe tu: madai ya kazi yana ukomo wa miaka 3 tangu siku ulipotendewa.