Makatibu wa Bunge: Njia Sita za Kukua Kazini

Mbunge akisimama kuomba Mwongozo wa Spika, Katibu Mezani hana muda wa kupekua. Jibu linatakiwa palepale. Kwa hiyo ujuzi wa kazi hii hutafutwa mapema, kwenye makaratasi na kwa watu. Wewe unayeanza, shika haya:

1. Soma Hansard kwa kalamu. Kanuni za Kudumu zinasema lipi lifanyike. Hansard inaonyesha lilivyofanyika. Chagua siku moja ya Bunge la Bajeti, ufuate hoja moja tangu ilipotolewa mpaka "iliamuliwa na kuafikiwa". Kila penye "Kuhusu Utaratibu", andika pembeni namba ya kanuni iliyotumika.

2. Fungua daftari la maamuzi ya Kiti. Safu nne zinatosha: tarehe, suala, kanuni, uamuzi. Jaza jioni ileile, kabla kumbukumbu haijafifia. Wenzako wakijua unalo, watakuwa wa kwanza kukutafuta.

3. Omba kuzungushwa kwenye kamati. Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) itakufundisha kusoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG). Kamati ya Sheria Ndogo itakunoa jicho la kisheria. Aliyekaa kamati moja tu anaijua nusu ya kazi.

4. Watafute waliokutangulia. Pius Msekwa, ambaye ukumbi mmoja wa Bunge hapa Dodoma una jina lake, alikuwa Katibu wa Bunge miaka ya 1960, kisha Spika kuanzia 1994 hadi 2005. Wastaafu wa Ofisi ya Bunge wanajua sababu za taratibu nyingi unazozikuta leo. Nenda na swali moja mahususi, usikilize, na shikamoo isisahaulike.

5. Vuka mipaka. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar liko Chukwani, Bunge la Afrika Mashariki liko Arusha, na Bunge la Kenya lina kituo chake cha mafunzo. Makatibu wa mabunge ya Jumuiya ya Madola wana chama chao tangu 1932. Ugeni wa mafunzo ukija Dodoma, jitolee kuupokea. Wageni wakishaondoka, usiishie kwenye kubadilishana namba: ndani ya wiki moja mtumie mwenzako kitu cha kumfaa, kama nakala ya kanuni mliyoizungumzia. Siku ukikwama, utampigia bila kuona haya.

6. Linda imani ya pande zote. Mbunge wa chama tawala na wa upinzani wakileta swali moja, wapate jibu moja, kwa heshima ileile. Salimiana na wote, lakini ya kamati yabaki kwenye kamati. Ujuzi wako wote, na watu wote unaowajua, havitakusaidia siku mbunge mmoja akianza kujiuliza uko upande wa nani.