Kivumishi au Umbo la Tatu la Kitenzi? Tatizo la Kiingereza na Mfano wa Loliondo

Mwanafunzi wa sekondari katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, huingia darasani akiwa na Kimaasai au Kibatemi cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi. Hapo hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia, na hukariri jedwali la vitenzi: "close, closed, closed". Jedwali halimwambii kwamba neno la safu ya tatu laweza kubaki kitenzi au kugeuka kivumishi. Makala haya yanajadili tofauti hiyo.

Sentensi "The gate was closed" ina maana mbili. Yaweza kueleza tukio, yaani lango lilifungwa na mtu fulani; au hali, yaani lango lilikuwa limefungwa. Kiswahili huzitenganisha maana hizo kwa njeo. Aidha, hutumia mnyambuliko: "kimevunjwa" humdai mvunjaji hata asipotajwa, ilhali "kimevunjika" hakimdai. Kiingereza hutosheka na "broken" kwa yote mawili.

Vipimo vya kawaida ni vitatu. Neno linalokubali "very" au kufuata "seem" lina tabia ya kivumishi. Linaloandamana na "by" na mtenda, kwa kawaida, ni kitenzi. Na lenye "un-" lisilo na kitenzi chake, mathalani "uninhabited", ni kivumishi tu. Kipimo cha "by" si kamilifu, kwani husemwa pia "very worried by the news".

Makosa ya wanafunzi hutokea pale Kiingereza kinapokuwa na kivumishi kamili ambapo Kiswahili hutumia kitenzi. "Amekufa" huzaa "He is died" badala ya "He is dead". "Duka limefunguliwa" huzaa "The shop is opened until six" badala ya "open". Huo si uzembe. Mwanafunzi amefuata kanuni ya lugha anayoijua, na Kiingereza chenyewe kinamchanganya: kinyume cha "open" ni "closed", kivumishi kilichotoka katika safu ya tatu.

Mfano mzito zaidi umo katika jina la mahali penyewe: "Loliondo Game Controlled Area". Likisomwa kwa kigezo cha "state-controlled", jina hilo lingemaanisha eneo linalodhibitiwa na wanyama! Kinachokusudiwa ni eneo ambamo kuna udhibiti kuhusu wanyama. "Controlled" hapa halikubali "very". Limetangulia nomino kama kivumishi, lakini bado linabeba swali la kitenzi: nani anadhibiti, na anadhibiti nini? Sarufi haijibu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 1974, kilichodhibitiwa katika maeneo ya aina hii kilikuwa uwindaji. Makazi na malisho hayakukatazwa. Sheria Na. 5 ya 2009 iliyoifuata ilipanua makatazo hadi malisho na kilimo. Neno halikubadilika hata herufi moja, bali yambwa yake iliyofichika ndiyo iliyobadilika. Kwa mfugaji, tofauti hiyo ni ya nyasi na maji.

Tafsiri ya Kiswahili ni "pori tengefu". Kiambishi tamati -fu, kama katika "pungufu" na "nyofu", kwa kawaida huunda kivumishi cha sifa au hali ya kudumu. Lingeitwa "pori lililotengwa", msomaji angeuliza mara moja: lilitengwa na nani, lini? "Tengefu" hunyamazisha maswali hayo, kana kwamba pori lilizaliwa hivyo. Tena "pori" si sawa na "area". Neno "eneo" lisingedokeza kwamba hapakaliwi na watu.

Hatua inayofuata huenda mbali zaidi. Mnamo Juni 2022 ziliwekwa alama za mipaka katika kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, na baadaye mwaka huohuo Pololeti ikatangazwa kuwa pori la akiba. "Akiba" ni nomino, haina mtenda wala njeo. Vivyo hivyo "reserved land" ya Sheria ya Ardhi ya 1999 huitwa "ardhi ya hifadhi", ambapo kitenzi kimekwisha kutoweka. Mwalimu anayetaka zoezi la darasani anaweza kuwapa wanafunzi majina haya matatu na kuwaomba waongeze "by" kwa Kiingereza na "na" kwa Kiswahili, kisha waandike sentensi zile zinazokubali.